Maswali ya wafugaji: dawa ya kuku imefikaje kwa mtoto?

Mwezi huu maswali yamekuja mengi na karibu yote yanagusa kitu kimoja, yaani hizi antibayotiki tunazowapa mifugo na bakteria ambao hawasikii dawa tena. Kwa hiyo ya kupe na minyoo nimeyaweka pembeni mpaka toleo lijalo, mnisamehe, hili haliwezi kusubiri. Majina nimeyaacha, nimeweka sehemu tu.

SWALI: Dokta habari za kazi. Mimi ni mama nafuga kuku wa mayai hapa Kibaha, ninao kama mia tatu hivi. Tangu nianze jirani alinifundisha kila wiki niwachanganyie OTC ya unga, ile antibayotiki ya oksitetrasaiklini, kwenye maji kama kinga maana nikiacha naona wanaanza kupiga chafya. Sasa binti yangu wa miaka minne kasumbuliwa na UTI, kapewa septrini wapi, kapewa amoksilini wapi, hospitali wakaotesha mkojo wakasema huyu bakteria ni sugu kwa dawa nyingi. Nesi akaniuliza nyumbani mnafuga? Nilishangaa. Je kuna uhusiano wowote? Maana mtoto mwenyewe mayai hali kabisa, hayapendi.

JIBU: Pole sana mama, na hongera kwa kukubali mkojo ukaoteshwa, maana wengi wakishaambiwa bei ya kipimo wanarudi duka la dawa kununua nyingine ya kubahatisha. Fuata dawa ile ambayo maabara imeonyesha inafanya kazi na mtoto aimalize.

Huyo nesi aliuliza swali zuri sana. Mimi siwezi kukuambia kwamba bakteria wa binti yako katoka bandani kwako, kulijua hilo inabidi wachukuliwe bakteria wa mtoto na wa kuku walinganishwe vinasaba maabara, na bakteria sugu anaweza pia kutoka kwenye maji, hospitalini, au akatengenezeka kutokana na dawa alizokunywa mtoto mwenyewe huko nyuma. Ila njia ya kutoka kwa kuku mpaka kwa mtoto ipo na ilishapimwa zamani, mimi na wewe labda hatujaanza hata kufuga.

Kulikuwa na daktari mmoja wa Marekani akiitwa Stuart Levy, yeye na wenzake walienda kwenye shamba moja la familia kule Massachusetts wakagawa kuku, wengine wakapewa chakula chenye tetrasaiklini, ambayo ndiyo ukoo mmoja na hiyo OTC yako, wengine wakapewa chakula kitupu. Ndani ya wiki moja tu kuku waliokula dawa matumbo yao yakawa karibu yote ni bakteria wasiosikia tetrasaiklini. Hilo la kuku wengi walilitegemea. Sasa angalia la watu: wale wanaoishi pale shambani wakawa wanatoa sampuli ya choo kila wiki na majirani zao pia, na ilipofika miezi mitano sita, asilimia 31.3 ya sampuli za watu wa shambani zilikuwa na bakteria ambao zaidi ya asilimia 80 yao ni sugu kwa tetrasaiklini, wakati kwa majirani ilikuwa asilimia 6.8 tu. Hao watu dawa hawakunywa, waliopewa ni kuku. Na walipowaangalia wale bakteria vizuri wakakuta usugu sio wa tetrasaiklini peke yake, kuna dawa nyingine zimo humohumo. Utafiti huu ulichapwa 1976. Tangu mwaka huo tunajua kwamba wa kwanza kubeba hivi vijidudu ni mwenye banda na watoto wake, mteja anayenunua trei ya mayai anafuata nyuma sana.

Kwa nini dawa moja inaleta usugu wa dawa nyingi? Bakteria wana vipande vidogo vya vinasaba vinavyoitwa plasmidi, na kwenye kipande kimoja unaweza kukuta maelekezo ya kushinda tetrasaiklini, ya kushinda septrini na ya kushinda ampisilini yamekaa pamoja, na bakteria mmoja anamrushia mwenzake kile kipande kama tunavyofowadiana meseji wasapu, tena hata mwenzake akiwa wa aina tofauti kabisa. Ndiyo maana wewe unatumia OTC bandani halafu septrini inagoma kwa mtoto, na ukiambiwa unaona haviendani.

Umesema mtoto hali mayai. Mama, yai lililochemshwa sio tatizo kubwa hapa, moto unaua bakteria. Fikiria asubuhi yako ilivyo. Unaingia bandani na ndala zilezile unazotoka nazo mpaka sebuleni. Unachanganya dawa kwenye ndoo unakoroga kwa mkono au kwa mwiko, ndoo ikishamaliza inarudi bombani, jioni mtu anaichukua kuogea. Unaokota mayai, mengine yana kinyesi, unayafuta na kitambaa, kitambaa kinatundikwa jikoni. Mtoto anacheza nje ya banda pale pale maranda ya zamani yalipomwagwa, akiitwa kula anakuja anakimbia, mikono haijagusa sabuni. Njia ni hizo. Na kwa mtoto wa kike bakteria wa choo kufika kwenye njia ya mkojo ni safari fupi sana.

Kingine ambacho jirani yako hakukuambia. Chakula cha kuku wa mayai kimejaa kalisiamu kwa ajili ya ganda, kile chokaa na konokono tunazosaga, na kalisiamu inaikamata tetrasaiklini tumboni isiingie vizuri kwenye damu, kwa hiyo sehemu kubwa ya hela yako inapita moja kwa moja na kutoka kwenye kinyesi ikiwa bado ni dawa. Halafu kuku anayeumwa kweli ndiye asiyekunywa maji vizuri, anayekunywa sana ni mzima. Kwa hiyo mgonjwa anapata dozi ndogo isiyomtibu na mzima anapata dawa asiyoihitaji, na kila wiki bakteria wote wa banda zima wanaonja kidogo kidogo. Hayo ndiyo mazingira ambayo usugu unayapenda.

Achana na hiyo ya kila wiki. Chafya ina sababu na sababu inatafutwa. Ingia bandani saa kumi na moja alfajiri, chuchumaa, weka pua yako pale kuku anapoweka ya kwake, kama macho yanawasha hiyo ni amonia ya maranda yaliyolowa, geuza maranda, toa yaliyoganda chini ya vyombo vya maji, fungua madirisha upande wa juu hewa ipite. Halafu niambie mara ya mwisho chanjo ya mdondo umewapa lini, maana wengi wanaoniandikia chafya ukiwauliza hivyo wananyamaza. Mdondo ni virusi, OTC haiugusi hata ukimimina pakiti nzima. Chanjo yake ile inayovumilia joto inatolewa tone kwenye jicho na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, na wanaoitengeneza ni TVLA, taasisi yetu wenyewe ya maabara za mifugo. Tone moja la jicho mama, linganisha na hela uliyomimina kwenye ndoo mwaka mzima.

SWALI: Dokta salama. Sisi huku Longido ng'ombe akiumwa tunachoma OTC wenyewe, ile ya asilimia ishirini, daktari yuko mbali. Zamani cc kumi zilikuwa zinatosha kabisa, siku hizi unachoma siku tatu mfululizo ng'ombe hata hainuki. Ni dawa feki au ni nini? Na jambo lingine, mama anasema maziwa ya ng'ombe aliyechomwa yakiwekwa kwenye kibuyu yanakataa kuganda, yanabaki majimaji na harufu mbaya. Kwa nini?

JIBU: Salama ndugu yangu, habari za ng'ombe. Feki inawezekana, dawa iliyokaa juani dukani au kwenye begi la pikipiki mwezi mzima nayo inawezekana, lakini nianze na hizo cc kumi.

Chupa ya asilimia 20 maana yake kila cc moja ina miligramu 200, na dozi iliyoandikwa kwenye karatasi za dawa za aina hiyo ni cc 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Ng'ombe wa kilo 250, ambaye kwa macho unamwona wa kawaida tu, anahitaji cc 25, tena zigawanywe sehemu mbili tatu usizimwage zote mahali pamoja kwenye msuli. Wewe ulikuwa unampa chini ya nusu. Miaka yote hiyo bakteria waliokuwa dhaifu walikufa na ng'ombe akainuka, wenye nguvu wakabaki, wakazaana, na leo ndio waliojaa kwenye boma lako. Halafu hiyo ya asilimia 20 inayokaa muda mrefu mwilini imetengenezwa ikae kama siku tatu, kwa hiyo kuichoma kila siku ni kupoteza. Nunua ile futi ya kupimia kifua cha ng'ombe, inakupa uzito wa kukadiria, bei yake haifiki hata ya chupa moja ya dawa.

Ila inawezekana kabisa shida sio usugu. Huko kwenu kuna ndigana kali, ile ya tezi kuvimba chini ya sikio, homa, ng'ombe anahema kwa shida na povu linatoka puani. Hiyo inaletwa na kijidudu cha damu kinachobebwa na kupe na dawa yake ni buparvakwoni, ukishaiona imeanza OTC haitaiponya. Miguu na midomo ni virusi. Sasa mtu akichoma OTC kwa ndigana kali, kwa miguu na midomo, kwa njaa ya kiangazi, kwa kila kitu, akipona anasema dawa imefanya kazi, asipopona anasema ongeza. Mimi siwalaumu, daktari yuko kilomita 60 na ng'ombe ndiyo benki, ada na harusi ya mtu, ungekaa umwangalie tu akifa? Ninachoomba ni kwamba kabla ya sindano pima joto kwa kipima joto cha mkundu, shika tezi, angalia kupe masikioni, halafu piga simu, hata kwa simu bwana mifugo anaweza kukuambia hii sio ya OTC.

Mama na kibuyu chake ameona kitu cha kweli kabisa. Maziwa yanaganda kwa sababu kuna bakteria wazuri wanayageuza kuwa chachu, na ng'ombe aliyechomwa antibayotiki anatoa dawa kwenye maziwa, ile dawa inawaua wale bakteria wazuri, mgando unakufa. Kibuyu kimekuonyesha dawa imo. Sasa hayo maziwa mtoto akiyanywa anakunywa dawa bila kuandikiwa, kidogo kidogo, na bakteria wa tumbo lake wanaizoea. Na usifikiri kuchemsha kunaondoa dawa, moto wa jikoni unaua bakteria lakini dawa nyingi zinabaki. Siku za kusubiri zimeandikwa kwenye chupa, za maziwa kivyake na za nyama kivyake, na kwa OTC ya kukaa muda mrefu za nyama ni wiki kadhaa. Ng'ombe aliyechomwa mfunge kamba ya rangi shingoni kila mtu bomani ajue, maziwa yake yamwagwe mbali, ndama wasipewe.

Lakini kwa ng'ombe wote, hata wazima, maziwa yachemsheni. Najua wazee wengi huko wanasema maziwa yaliyochemshwa yamekufa, mimi nimeyanywa yote mawili na naelewa wanachosema kuhusu ladha. Watafiti waliozunguka kaya za Wamasai, Waarusha na Wachaga huku kaskazini, wakachapisha 2020, walikuta bakteria sugu wamesambaa kwa watu, kwa mifugo na kwenye vyanzo vya maji, na kilichoonekana kuwa na uzito mkubwa ni namna bakteria wanavyopita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, kwenye maji na uchafu, kuliko hata kiasi cha dawa ambacho kaya yenyewe inatumia. Maana yake ni kwamba wewe unaweza kuacha sindano kabisa na bado ukawapata bakteria sugu kwa jirani mnayeshirikiana naye lambo. Sufuria na moto ni kitu ambacho kiko mikononi mwa mama leo hii.

SWALI: Hallo daktari. Mimi ni Mkenya naishi Uholanzi, nafanya kazi kwa shamba ya nguruwe mwaka wa pili sasa. Nilienda hospitali kufanyiwa operesheni ya goti, kitu ya kwanza wakaniuliza kama huwa nakaa karibu na nguruwe, nikasema ndio, wakanipanguza pua na kijiti cha pamba na wakaniweka kwa rumu peke yangu, manesi wanaingia na maski na glavu. Niliskia vibaya sana, nikadhani ni juu ya rangi yangu. Hii ni nini? Na nikija nyumbani Krismasi naweza kupelekea watoto wangu?

JIBU: Pole ndugu, najua kulala peke yako hospitali ya ugenini kunavyouma. Lakini hapo rangi haimo, mkulima Mholanzi mwenye shamba hilohilo naye akienda ataulizwa hivyohivyo na atapanguzwa pua hivyohivyo.

Chanzo cha swali hilo la hospitali ni mtoto mchanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 madaktari wa Nijmegen, mji wa Uholanzi, walimpima mtoto wa kike aliyekuwa anasubiri upasuaji wakamkuta na MRSA, hii ni aina ya bakteria stafilokokasi isiyosikia dawa za jamii ya penisilini, na Uholanzi ni nchi ambayo MRSA ilikuwa adimu sana kwa sababu hospitali zao zinaisaka kwa nguvu. Wakaulizana imetoka wapi. Wakakuta wazazi wanafuga nguruwe na wao wanayo puani, na hakuna aliyewahi kulazwa. Wakaenda mbele kupima wafugaji wengine wa nguruwe wa eneo lile, kati ya 26 wakawakuta nayo 6. Kwenye makala yao ya 2005 waliandika kwamba kiwango hicho kwa wafugaji kilikuwa zaidi ya mara 760 ya kile cha watu wa kawaida wa nchi hiyo. Toka hapo swali la nguruwe likaingia kwenye fomu za hospitali, Denmark nako vilevile.

Kitu kinachonigusa zaidi ni kilichogundulika baadaye, 2012, walipochambua vinasaba vya hawa bakteria wanaoitwa CC398. Inaonekana mwanzo walikuwa ni wa binadamu, na walikuwa wanasikia dawa. Wakaruka kwenda kwa nguruwe, wakiwa huko mabandani wakapata usugu wa tetrasaiklini na wa methisilini, ambayo ni ya jamii ya penisilini, halafu ndio wakarudi kwetu. Sisi tuliwapa wanyama bakteria anayetibika na tukarudishiwa asiyetibika.

Kuwa nayo puani sio ugonjwa. Wengi wanaibeba bila kujua wala kuumwa, inakuwa hatari ikiingia kwenye kidonda, kwenye upasuaji kama huo wa goti, au kwa mtu mwenye kinga dhaifu, ndiyo maana walikutenga, walikuwa wanawalinda wagonjwa wengine na wewe mwenyewe. Kuhusu watoto, aina hii ya nguruwe haisambai sana mtu kwa mtu kama zile za hospitalini, na mtu akikaa siku kadhaa mbali na banda kiwango kinashuka. Kabla hujasafiri nguo za kazi zibaki kazini, oga na kuosha nywele, viatu vya shamba usivipakie kwenye begi, nyumbani uwe na taulo lako, na ukiwa na jipu au kidonda kifunike mpaka kikauke. Halafu wakumbatie watoto wako. Ukiumwa ukiwa huko Kenya mwambie daktari mapema kwamba unafanya kazi na nguruwe Ulaya, atajua dawa gani asianze nayo.

Waholanzi baada ya haya walikaza, kati ya 2009 na 2015 mauzo ya antibayotiki za mifugo yalishuka zaidi ya nusu, kila shamba likawa na daktari wake mmoja na matumizi yake yanaandikwa na kulinganishwa na ya wenzake. Pamoja na hayo MRSA bado imo kwenye mabanda ya nguruwe, ikishaingia kuitoa ni kazi ya miaka.

SWALI: Dokta samahani lakini nyie wataalamu mnaongea kirahisi. Nina broila mia tano hapa Morogoro, hela nimekopa kwenye kikoba. Vifaranga wanafika wamechoka na safari, agroveti wananipa ratiba kabisa, siku ya kwanza mpaka ya tano antibayotiki, ya kumi tena, ya ishirini tena. Nikiacha wakifa nani atanilipia mkopo?

JIBU: Hakuna atakayekulipia, na ndiyo maana swali lako nalichukulia kwa uzito wote. Sikuambii kesho uamke uache kila kitu ukae na vifaranga mia tano wanaotetemeka. Nakuambia upange batchi inayokuja tofauti.

Kifaranga aliyechoka na safari haumwi bakteria, ana kiu na baridi. Bruda, ile sehemu ya joto ya kulelea vifaranga, iwashwe masaa mengi kabla hawajafika, maranda yenyewe yawe yamepata joto, chini pale walipo ifike kama nyuzi 32 mpaka 34 siku za mwanzo, maji ya uvuguvugu yenye glukosi na vitamini yawasubiri. Baada ya masaa kadhaa washike kooni wale kumi ishirini uone kama kifuko kimejaa chakula laini, ukikuta kitupu au kigumu rekebisha joto na maji, usikimbilie pakiti. Vifo vingi vya wiki ya kwanza ninavyoviona vinatoka hapo, na kwenye vifaranga vilivyonunuliwa kwa mtu asiyeeleweka kitovu chao hakijafunga. Kwa chanjo, siku ya saba mdondo, ya kumi na nne Gumboro, ya ishirini na moja mdondo tena, hiyo ndiyo ratiba ya kawaida kwetu, na Gumboro nayo ni virusi, ikishaingia inaangusha kinga kisha magonjwa mengine yote yanapata mlango. Chanjo ya maji usiichanganye na maji ya bomba yenye klorini, inakufa kabla haijafika mdomoni, tumia ya kisima au yaliyolala wazi usiku mzima na weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta kidogo. Nimeona watu wanachanja kila batchi na kila batchi inakufa kwa sababu ya maji tu, halafu wanaamini chanjo ni uongo.

Unauliza kama inawezekana kwa biashara. Denmark mwaka 1995 walipiga marufuku dawa moja ya kukuzia kuku inayoitwa avoparsini, kwa sababu ilikuwa inaleta bakteria wasiosikia vankomaisini, ambayo ni ndugu yake inayookoa watu mahututi hospitalini. Wakati ule kwa kuku wa nyama asilimia 72.7 ya bakteria wa aina waliyokuwa wanaifuatilia walikuwa sugu. Ilipofika 2000 ilikuwa asilimia 5.8. Na kuku waliendelea kufugwa na kuuzwa. Umoja wa Ulaya wote ukafunga dawa za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006.

Halafu geuza pakiti unazopewa usome maandishi madogo, ukikuta kolistini niandikie au mwambie daktari wako wa mifugo. Kolistini ni dawa ambayo hospitali inaishika mwisho kabisa wakati nyingine zote zimegoma. Novemba 2015 watafiti wa China walitangaza kwamba wamekuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa kinasaba cha usugu wake kilichokaa kwenye plasmidi, kinahama, wakakiita mcr-1, na dunia nzima ya madaktari ilishtuka. China ikazuia kolistini kwenye vyakula vya kukuzia mifugo kuanzia 2017, na vipimo vya watu wazima wenye afya vilivyofuata vikaonyesha wanaokibeba wamepungua zaidi ya nusu kufikia 2019. Kwa hiyo ukiacha, inashuka. Hilo ndilo linanipa moyo wa kuendelea kujibu barua hizi, maana mwaka 2019 peke yake makadirio yaliyochapwa yanasema watu milioni 1.27 walikufa duniani moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiko mzigo ulikuwa mkubwa kuliko kwingine.

Kuku wakiumwa kweli na ikathibitika ni bakteria, wape dawa, dozi kamili, siku zote zilizoandikwa, halafu subiri siku zake kabla ya kuuza. Najua siku ya kusubiri ni siku ya kulisha bila kuuza na broila wa wiki ya tano anakula kama hana akili nzuri, weka hiyo hesabu kwenye mkopo toka mwanzo. Na yule wa agroveti muulize swali moja, hii ni ya ugonjwa gani? Akikujibu "ya kinga tu" rudisha.

MASWALI YA HARAKA

Mtu wa Mwanza anauliza kama anaweza kufungua kapsuli za amoksilini za binadamu awawekee kuku. Hapana. Dozi huijui, siku za kusubiri hazijaandikwa popote, na hiyo ndiyo dawa watoto wako wanaitegemea wakiumwa kifua.

Anayeuliza kuhusu amproliamu ya kuhara damu: hiyo inapiga vijidudu vya koksidia, sio antibayotiki ya bakteria, usiichanganye kwenye hesabu hii, ila nayo isiwe ya kila wiki, na maranda makavu yanafanya nusu ya kazi yake.

Dada wa Nakuru mwenye bustani ya mboga: mbolea ya kuku mbichi usiimwage kwenye sukuma wiki wala kachumbari, ina bakteria na ina dawa zilizotoka na kinyesi. Irundike, ifunike, ipate joto lake lenyewe, igeuze, iache miezi kadhaa mpaka ikose harufu na iwe nyeusi kama udongo. Mboga za kuliwa mbichi zisiguse mbolea mpya kabisa.

Kuku wa kienyeji hawana usugu? Wanao pia, hata wasipopewa dawa, maana wanazurura kwenye mitaro na jalala la mtaa mzima. Nairobi walipima kaya 99 wakachukua bakteria wa watu na wa wanyama, wakakuta wa nyumba moja wanafanana kuliko wa nyumba mbili tofauti. Mnaishi pamoja, mnagawana. Walale kwao usiku, sio jikoni chini ya meza.

Na wa Kahama aliyeuliza kuku wakifa awapeleke wapi wapimwe: usichinje, usiwatupe kwa mbwa. Chukua wawili watatu waliokufa sasa hivi na mmoja anayeumwa ambaye bado hajapewa dawa yoyote, waliokufa wafunge mifuko miwili ya plastiki, weka kwenye kiboksi chenye barafu, usigandishe, nenda kwa ofisi ya mifugo ya wilaya au kwenye kituo cha TVLA cha kanda, kwako wewe jaribu Mwanza au Tabora. Andika kwenye karatasi umri, idadi, chanjo walizopata na tarehe, na dawa zote ulizowapa hata ile unayoona aibu kuitaja. Na uwaambie wakikuta bakteria wakupimie na dawa zipi zinamuua, ulipe hiyo ya ziada, kisha jibu lenyewe ulipige picha ulihifadhi kwenye simu, batchi ijayo daktari atalihitaji.